Embu imlipe mwandishi wa tabianchi

Mwaka 1979, mjini Stockholm, kilichapishwa kitabu kuhusu bwawa la Kamburu. Jina lake ni An African Dam, na mhariri wake alikuwa Richard Odingo, mwanajiografia wa Chuo Kikuu cha Nairobi. Ndani yake yamo matokeo ya utafiti wa ikolojia uliofanywa katika eneo la mabwawa ya Kamburu na Gitaru, kule kusini mwa Gachoka, Kaunti ya Embu, ambako Mto Tana huitenga nchi ya Wambeere na Ukambani. Kamburu lilikuwa limeanza kutoa umeme 1974, Gitaru 1978. Mwaka 2002 Odingo alichaguliwa kuwa mmoja wa makamu wa mwenyekiti wa IPCC, jopo la Umoja wa Mataifa linalokusanya na kupima sayansi ya mabadiliko ya tabianchi. Mwaka 2007 jopo hilo na Al Gore wa Marekani wakatunukiwa kwa pamoja Tuzo ya Nobel ya Amani.

Kati ya kitabu hicho na tuzo hiyo kuna miaka 28, na kuna kazi ambayo shuleni haitajwi mwalimu anapowauliza wanafunzi wanataka kuwa nani: kazi ya mtu anayeandika kuhusu mazingira mpaka serikali zikamwita azishauri.

Siku hizi kazi hiyo inatamaniwa. Tangu Mkutano wa Tabianchi wa Afrika ufanyike Nairobi Septemba 2023, tabianchi imeingia katika matangazo ya kazi, maombi ya ufadhili na majina ya vikundi vya vijana. Wengi wanaoitamani huitazama kuanzia juu: kitambulisho cha mkutano shingoni, tiketi ya ndege, picha na waziri. Hoja ya makala haya ni kinyume cha hapo. Mshauri wa sera ya tabianchi anayefaa hutokana na mwandishi aliyeshika mahali pamoja akapajua vizuri. Na Gachoka haitampata mtu wa namna hiyo mpaka Serikali ya Kaunti ya Embu ikubali kuulipia uandishi wenyewe, kama inavyomlipa mhandisi wa barabara au daktari wa mifugo.

Mfano wa Calestous Juma unaonyesha jinsi njia hiyo inavyokwenda. Juma, mzaliwa wa Budalang'i karibu na Ziwa Victoria, alikuwa mwalimu wa shule Mombasa katika miaka ya 1970, na alikuwa na mazoea ya kumwandikia barua mhariri wa Daily Nation. Barua hizo zilimvutia mhariri hata akamwajiri, na Juma akawa mwandishi wa kwanza wa gazeti hilo kushughulikia sayansi na mazingira kama kazi yake ya kila siku. Baadaye alihariri jarida la Ecoforum katika Environment Liaison Centre, Nairobi. Akaenda Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza, akarudi na shahada ya uzamifu, na 1988 akaanzisha Nairobi taasisi ya utafiti wa sera iitwayo African Centre for Technology Studies. Kuanzia 1995 hadi 1998 alikuwa Katibu Mtendaji wa Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Bayoanuwai. Alipofariki Desemba 2017 alikuwa profesa wa Harvard, na marais wa Afrika walikuwa wamezoea kumsikiliza.

Tazama mfuatano wake: barua, gazeti, utafiti, taasisi, ndipo ushauri. Kabla ya kiongozi yeyote kumuuliza afanye nini, Juma alikuwa ameshajifunza kumweleza jambo gumu mtu anayesoma gazeti ndani ya basi akirudi nyumbani. Ujuzi huo haufundishwi kwenye warsha ya siku mbili.

Wangari Maathai anakumbukwa kwa miche, na ni haki yake. Green Belt Movement aliianzisha 1977. Lakini mwaka 1989, chama tawala cha KANU kilipotaka kujenga jumba la ghorofa 60 katika bustani ya Uhuru Park, silaha yake ya kwanza ilikuwa barua. Aliiandikia Ofisi ya Rais, akaiandikia tume ya jiji, akayaandikia mashirika ya Umoja wa Mataifa na ubalozi wa Uingereza, akitaka kujua nani ameruhusu nini na kwa fedha za nani. Wabunge walimtukana bungeni. Wafadhili wa nje wakaanza kusitasita, na mradi ukafa. Uhuru Park ipo mpaka leo kwa sababu mtu aliuliza maswali kwa maandishi, akayatuma kwa watu ambao hawangeweza kudai hawakuyaona.

Huko juu kabisa nako, kwenye IPCC, sera huandikwa neno kwa neno. Wanasayansi wanaoandika ripoti za jopo hilo hujitolea bila mshahara, na rasimu zao hupokea maelfu ya maoni. Mwishoni hutayarishwa muhtasari kwa watunga sera, na wajumbe wa serikali hukaa ukumbini kuupitisha mstari kwa mstari. Aprili 2007 mjini Brussels, kikao cha kupitisha muhtasari kuhusu athari za tabianchi kilikesha hadi asubuhi. Wajumbe walikuwa wakivutana juu ya maneno machache ya kueleza wanasayansi wana uhakika kiasi gani. Aliyezoea kuandika anajua kwa nini watu wazima walikesha kwa ajili ya neno moja: ndilo waziri wa fedha atakaloonyeshwa akiombwa pesa.

Muhtasari huohuo wa Brussels ulikuwa na sentensi moja kuhusu Afrika iliyosafiri kuliko nyingine zote. Ilisema kwamba kufikia 2020, katika baadhi ya nchi, mavuno ya kilimo kinachotegemea mvua yangeweza kupungua kwa hadi nusu. Ilirudiwa kwenye hotuba na kwenye maombi ya ufadhili, na mkulima wa Mbeere asiye na mfereji angeweza kuamini kwamba anayezungumziwa ni yeye. Mapema 2010 wachambuzi wakaifuatilia hadi chanzo chake. Ilitoka katika ripoti fupi ya 2003 ya mtaalamu wa Morocco, na ripoti hiyo ilizungumzia nchi tatu tu: Morocco, Algeria na Tunisia.

Mtaalamu huyo hakuwa na kosa lolote. Aliandika kuhusu eneo lake. Kilichotokea ni kwamba bara zima lilikuwa na uchache wa maandishi ya namna hiyo, na aliyehitaji mstari mmoja kuhusu kilimo cha mvua Afrika akaokota uliokuwepo. Ndiyo gharama ya kutoandikwa. Mahali pasipo na kumbukumbu zake huamuliwa kwa kumbukumbu za wengine, na mwaka 2020 ulipofika hakuna aliyeweza kusema utabiri ule ulihusu mashamba yake au la.

Sasa turudi Gachoka. Ni kituo cha biashara kwenye barabara inayotoka mjini Embu kwenda Kiritiri, na hadi uchaguzi wa 2013 jina lake ndilo lililobeba eneobunge zima ambalo leo huitwa Mbeere Kusini. Kaunti ya Embu huanza juu kwenye msitu wa Mlima Kenya, ikateremka katika chai na kahawa za Manyatta na Runyenjes, halafu ikaishia kwenye nyanda kavu za Mbeere ambako watu hulima ndengu, kunde, mbaazi, mtama na muguka (majani ya kutafuna ya jamii ya miraa), na kufuga mbuzi na nyuki. Ni mwendo wa saa chache tu kwa matatu, lakini ni nchi mbili za mvua. Mpango wowote unaozungumzia mvua ya Embu kwa wastani mmoja umeshawapotosha Wambeere kabla ya ukurasa wa pili, kwa kuwa mvua ya wastani wa kaunti hainyeshi shambani mwa mtu yeyote.

Hili si jambo jipya kwa wasomi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Mbeere ilikuwa miongoni mwa maeneo sita ya Kenya yaliyochaguliwa kwa majaribio ya maendeleo ya vijijini, pamoja na Kapenguria, Vihiga, Migori, Kwale na Tetu. Watafiti walimiminika. Bernard Riley na David Brokensha waliwafuata wenyeji mashambani na vichakani kwa miaka, na 1988 wakatoa juzuu mbili, The Mbeere in Kenya. Ya kwanza inahusu mabadiliko ya mazingira ya vijijini, ya pili ni mimea na matumizi yake. Jack Glazier alikuwa ameshatoa kitabu chake juu ya ardhi na mila za Wambeere 1985. Ukiongeza kile cha Odingo, utaona kwamba sehemu hii ya Embu iliandikwa kwa undani ambao wilaya nyingi za Kenya hazikuupata.

Isipokuwa vitabu hivyo vyote ni vya Kiingereza, viko kwenye maktaba za vyuo, na vinaishia kabla ya mambo yanayowasumbua watu leo. Havina ukame wa 2020 hadi 2022, misimu mitano mfululizo iliyokosa mvua ya kutosha katika maeneo kame ya Kenya. Havina mafuriko ya Aprili na Mei 2024, wakati bwawa la Masinga kwenye Mto Tana lilipojaa likafurika na watu wa Garissa na Tana River wakahama makwao. Wala havina muguka kama biashara kubwa inayovuka kaunti.

Muguka ndiyo inayoonyesha vizuri zaidi kwa nini mshauri wa tabianchi anahitaji kuwa mwandishi wa mahali. Ni zao linalovumilia ukavu na kuchumwa mara nyingi kwa mwaka, likampa mkulima pesa za karo hata msimu ambao mahindi yamekauka yakiwa yamefika magotini. Hakuna warsha iliyowaambia Wambeere wahamie kwenye muguka ili kukabiliana na tabianchi. Walifanya hesabu yao wenyewe. Mei 2024 Kaunti ya Mombasa ilipoipiga marufuku kwa sababu ya athari zake kwa vijana, na Kilifi na Taita Taveta zikafuata, wakulima wa Embu waliinuka. Mahakama ikasitisha marufuku hiyo, na Serikali ya Kitaifa ikasisitiza kwamba zao hilo linatambuliwa na sheria. Mjadala ukawa kati ya afya ya Pwani na mfuko wa Mbeere.

Swali la tatu halikuulizwa kwa sauti: muguka ikiondoka, mkulima huyo atastahimilije ukame ujao? Anayeweza kulijibu ni mtu aliyekuwa ameandika, kabla ya Mei 2024, bei ya muguka na bei ya ndengu kwa kila msimu, ni familia ngapi zimeacha mtama, na maji kiasi gani hutumika kwenye mashamba yanayonyunyiziwa. Angekuwa na jambo la kumwambia gavana wa Embu na la kumwambia gavana wa Mombasa pia, bila kuwa shabiki wa upande wowote. Kumbukumbu za aina hiyo hazikuletwa mezani, kwa hiyo kila mmoja akaja na hasira yake.

Mabwawa nayo yana hadithi ya namna hiyo. Kindaruma lilizinduliwa 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981 na Kiambere 1988. Yote matano yako kwenye Tana, na viongozi wa Embu, Machakos na Kitui wamedai kwa miaka mingi mgawo wa mapato ya umeme unaozalishwa hapo. Masinga, lililojengwa ili liwe tangi kuu la mengine, lilikusudiwa kubeba maji mita za ujazo milioni 1,560. Mwaka 2009 lilipungukiwa maji hata mitambo yake ikazimwa, na Wakenya wakaingia kwenye mgao wa umeme. Mwaka 2024 tatizo likawa kinyume chake. Katikati ya mishtuko hiyo miwili kuna tope linaloletwa na mito kutoka mashamba ya juu, likipunguza nafasi ya maji polepole mwaka baada ya mwaka.

Kuhusu tope hilo, kuna maandishi yaliyozaa pesa. Mwaka 2015 shirika la The Nature Conservancy na washirika wake walizindua Hazina ya Maji ya Upper Tana na Nairobi, wakiwa na uchambuzi uliosema kwamba dola milioni 10 zikiwekezwa katika kuhifadhi udongo zingerudisha faida ya dola milioni 21.5 kwa miaka 30. Uchambuzi huo ulimwonyesha mwenye kampuni ya maji na mwenye mitambo ya umeme kwa nini amsaidie mkulima kuchimba makinga-maji. Kazi ikaelekezwa kwenye mabonde ya Maragua, Thika na Chania, na Sagana na Gura. Hayo ni mabonde ya juu, upande wa Murang'a na Nyeri, na yalichaguliwa kwa sababu za msingi. Hata hivyo mtu wa Mbeere anaona jambo lingine. Palipokuwa na maandishi yenye hesabu, fedha zilikwenda. Yeye anayeishi kando ya mabwawa yenyewe, na ambaye mvua ikinyesha huona udongo wake mwekundu ukiteremka korongoni kuelekea Tana, bado hana ukurasa kama huo wa kumwekea mtu mezani.

Sheria haikuwasahau watu kama yeye. Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya 2016 inazitaka serikali za kaunti ziingize tabianchi katika mipango yao, na inataka umma ushirikishwe na upewe habari. Kaunti za Isiolo, Makueni, Wajir, Kitui na Garissa zilitangulia kujaribu mifuko ya tabianchi yenye kamati za wadi. Kisha mpango uitwao FLLoCA, unaofadhiliwa na Benki ya Dunia na wahisani wengine, ukaueneza mtindo huo nchini. Kwa hiyo wadi za Mbeere Kusini, yaani Mwea, Makima, Mbeti Kusini, Mavuria na Kiambere, zimewekwa kwenye ramani ya maamuzi. Mkulima, mfugaji na mwakilishi wa akina mama wanaweza kukaa meza moja na kusema wanataka kisima, silanga la kukingia maji au miche.

Lakini kamati hukaa, huzungumza kwa Kimbeere na Kiswahili, halafu yaliyosemwa hugeuka kuwa jedwali la Kiingereza. Mzee akieleza kwamba silanga la kijiji zamani lilihifadhi maji hadi mvua za Oktoba na sasa hukauka Julai, jedwali huandika tu uhaba wa maji. Miezi mitatu iliyopotea, ambayo ndiyo habari yenyewe, imeachwa kwenye benchi la baraza. Mamlaka ya Kitaifa ya Kukabiliana na Ukame hutoa taarifa ya kila mwezi kuhusu Mbeere, ikitaja hali ya malisho, maji, bei za mbuzi na mahindi. Ni kazi nzuri, na ni ya Kiingereza pia. Wanaoielewa zaidi ni maofisa ambao tayari wanajua hali ilivyo.

Hapo ndipo kaunti inapohitaji mtu wa kuandika. Mtu huyo hatakuwa msemaji wa gavana. Huyo yupo na kazi yake inajulikana. Wala hatakuwa mtaalamu wa hali ya hewa, kwani Idara ya Hali ya Hewa ina mkurugenzi wake katika kila kaunti. Mwandishi wa tabianchi angekaa kati ya ofisi hizo na kijiji. Angekwenda kwenye vikao vya kamati za wadi na kuandika kilichosemwa kama kilivyosemwa. Angeweka kumbukumbu ya tarehe mvua ilipoanza na ilipokatika Gachoka, Kiritiri, Makima na Kiambere, wakulima walipanda lini, walirudia kupanda mara ngapi, debe la ndengu liliuzwa bei gani, masilanga yalikauka mwezi upi. Kila msimu angechapisha taarifa ya Kiswahili, na sauti yake isomwe kwa Kimbeere redioni. Kila mwaka angeandika waraka mfupi wa ushauri kwa Bunge la Kaunti, akisema fedha za mwaka uliopita zilifanya nini na za mwaka ujao ziende wapi.

Kuna kazi nyingine inayomngoja, na hiyo haiwezi kukawia. Sheria ya tabianchi ilirekebishwa 2023 ili kusimamia biashara ya kaboni. Inataka mradi unaotumia ardhi ya jamii uwe na mkataba wa maendeleo ya jamii, na inataja kwamba jamii ipate angalau asilimia 40 ya mapato, au asilimia 25 kwa miradi isiyotegemea ardhi. Nyanda zenye vichaka na nafasi ya kupanda miti kama mukau ni mahali ambapo wauzaji wa kaboni wanaweza kubisha hodi wakati wowote. Wakija, mkataba utakuwa na kurasa nyingi za Kiingereza cha mawakili. Asilimia 40 ya nini hasa, baada ya kutoa gharama zipi, kwa miaka mingapi, na mtu akitaka kukata mti wake itakuwaje? Anayeweza kuyatoa majibu hayo kwenye kurasa na kuyaweka mbele ya baraza la chifu kabla ya sahihi ni mwandishi anayeaminika, si mwakilishi wa kampuni.

Wapo watakaosema kwamba mwandishi anayelipwa na kaunti ataisifu kaunti. Hofu hiyo ina msingi. Historia ya magazeti ya serikali inajulikana, na mshauri huweza kuanza kuandika kile ambacho anayemlipa anapenda kusikia. Dawa yake ni kuamua kiti chake kiwekwe wapi. Chuo Kikuu cha Embu, kilichopata hati ya kuwa chuo kikuu kamili 2016, kina wanafunzi wa kilimo na mazingira na kiko mwendo mfupi kutoka Gachoka. Nafasi hiyo ikiwekwa pale, kwa mkataba wa miaka mitano usiofuata kalenda ya uchaguzi, na kumbukumbu zake zikawa wazi kwa kila raia kama Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inavyoelekeza, gavana atakuwa mlipaji bila kuwa mhariri. Na waraka wa mwaka uende kwa Bunge la Kaunti siku ileile unapokwenda magazetini, ili usilale kabatini mwa mtu.

Wengine watauliza pesa zitoke wapi, wakati zahanati hazina dawa. Swali hilo ni la haki pia. Jibu ni kwamba gharama ya mtu mmoja, pikipiki yake na uchapishaji wa kurasa chache kwa msimu ni ndogo ukiilinganisha na gharama ya mradi mmoja uliowekwa mahali pasipofaa. FLLoCA yenyewe ilitenga ruzuku ya kuzijengea taasisi za kaunti uwezo, mbali na ile ya miradi. Kuijengea kaunti jicho na kumbukumbu ni kujenga uwezo kuliko semina nyingine hotelini.

Vijana nao wasisubiri tangazo. Juma hakungoja. Aliyemaliza kidato cha nne Mbeere leo ana simu yenye kamera, ana magazeti yenye ukurasa wa barua, ana redio za lugha za nyumbani, na ana shamba la mzazi ambalo anaweza kulipima kila msimu. Anaweza kuanzia shuleni alikosoma. Mashindano ya upandaji miti ya Green Initiative Challenge, yaliyoanza 2014 kwa udhamini wa KenGen, Bamburi na Better Globe Forestry, yamezishindanisha shule za Embu, Kitui na Machakos, na ushindi ulitegemea miche mingapi imesalia hai. Kwa nini ya shule moja ilifaulu na ya jirani ikafa? Walimwagilia maji ya wapi? Nani alizuia mbuzi? Makala yenye majibu hayo, ikiwa na tarehe na hesabu, ingemfaa anayepanga kutimiza ahadi ya serikali ya miti bilioni 15 kufikia 2032 kuliko hotuba kumi kuhusu umuhimu wa miti.

Kijana huyo atahitaji pia kujifunza mambo yasiyopendeza: kusoma bajeti ya kaunti, kuelewa jedwali la mvua, kumhoji mchoma makaa bila kumhukumu, kurudi kwa chanzo chake na kumsomea alichokiandika kabla hakijachapwa. Atahitaji kukubali kwamba miaka ya kwanza haitakuwa na ndege wala posho. Odingo alishughulikia udongo, maji na watu wa ukingo wa Tana kabla ya kukaa meza moja na wajumbe wa dunia nzima. Aliyeruka hatua hiyo atafika mkutanoni na maneno ya jumla, na ukumbi tayari umejaa watu wa maneno ya jumla.

Wakati unabana. Mpango wa maendeleo wa Kaunti ya Embu unaotumika sasa ni wa 2023 hadi 2027, sambamba na mpango wa kitaifa wa hatua za tabianchi wa miaka hiyohiyo. Mipango ya 2028 hadi 2032 itaandikwa na watu watakaotumia maandishi watakayoyakuta. Kwa hiyo Bunge la Kaunti litenge fungu la mwandishi huyu katika bajeti ijayo, Chuo Kikuu cha Embu kitangaze nafasi, na sharti la kwanza la mwombaji liwe kurasa tano alizokwisha kuziandika kuhusu kijiji kimoja cha Mbeere.